Tuzo, Mila na Maumivu: Ustawi wa Wanyama wa Mashindano, kutoka Uwanja wa Farasi hadi Uwanja wa Fahali

Chanzo cha utata

Mnamo Julai 2024, siku chache kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Paris kufunguliwa, Charlotte Dujardin wa Uingereza, mshindi wa medali sita za Olimpiki katika mchezo wa farasi, alijiondoa katika timu ya nchi yake baada ya kujitokeza video iliyomwonyesha akimchapa farasi miguuni kwa mjeledi mrefu wakati wa mafunzo. Desemba mwaka huo huo Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, lijulikanalo kwa kifupi kama FEI, lilimfungia kwa mwaka mmoja na kumtoza faini ya faranga 10,000 za Uswisi. Miezi sita kabla ya video hiyo kuenea, Magharibi mwa Kenya kulikuwa kumetokea jambo jingine: Januari 2024 fahali wa kupigana aliyeitwa Inasio, mali ya Seneta wa Kakamega Boni Khalwale, alimuua mtu aliyekuwa akimtunza, na seneta huyo, akifuata alichokieleza kuwa ni mila ya Waluhya, akamuua fahali huyo kwa mkuki.

Matukio haya mawili yametengana kwa umbali, kwa utajiri na kwa desturi, lakini yote mawili yanaibua swali moja ambalo wakazi wa Bungoma na wa Kitale, katika Trans Nzoia, hawawezi kulikwepa, kwa kuwa kaunti zao zinapakana na Kakamega, kitovu cha mchezo wa kupiganisha mafahali nchini Kenya: ni wapi panapoishia ufundi wa kumwandaa mnyama kwa mashindano na panapoanzia ukatili? Utata uliopo unatokana na majibu yanayogongana. Wapo wanaolaani mjeledi wa Ulaya huku wakishangilia pembe zilizochongwa nyumbani. Wapo wanaolaani fahali kupigana huku wakipita kando ya punda aliyelemewa na magunia ya mahindi bila kutamka neno. Na wapo wanaoamini kwamba jambo likishaitwa mila, au likishaitwa michezo ya kimataifa, basi halihojiwi tena. Uchambuzi huu unaeleza usuli wa michezo yote miwili, unapima misimamo mitatu mikuu inayoshindana, na unajenga hoja kwamba chanzo kikuu cha ukatili ni kile ambacho tuzo yenyewe inadai kutoka kwa mnyama, zaidi ya tabia ya mtu mmoja au utamaduni wa jamii moja.

Istilahi moja inahitaji kufafanuliwa mapema. Ustawi wa wanyama ni hali ya mnyama kimwili na kiakili kama anavyoiishi mwenyewe, na ni dhana tofauti na haki za wanyama, ambayo kwa wengi wanaoitetea hudai kwamba binadamu hana ruhusa ya kumtumia mnyama hata kidogo. Kipimo cha ustawi kilichoenea zaidi ni kile cha uhuru wa aina tano, kilichochipuka kutokana na ripoti ya kamati ya Brambell nchini Uingereza mwaka 1965: uhuru dhidi ya njaa na kiu, dhidi ya mazingira mabaya, dhidi ya maumivu, majeraha na magonjwa, uhuru wa kuonyesha tabia za asili, na uhuru dhidi ya hofu na dhiki. Mtu anaweza kukubali kwamba fahali alime, achinjwe na aliwe, na bado akadai kwamba asiteswe. Huo ndio uwanja ambamo mjadala huu unasimama.

Usuli: fahali katika Magharibi mwa Kenya

Mchezo wa kupiganisha mafahali una mizizi yake hasa miongoni mwa Waisukha na Waidakho, katika maeneo kama Shinyalu, Khayega na Malinya. Zamani ulifungamana sana na mazishi ya wazee waliotukuka, ambapo mafahali waliletwa nyumbani kwa marehemu ili kumpa heshima ya mwisho, na baadaye ukapanuka hadi kuwa burudani ya sikukuu na ya mwisho wa wiki, yenye wafadhili wa kisiasa, zawadi na umati mkubwa. Fahali hupewa jina, husifiwa kwa nyimbo na kusindikizwa na ngoma za isukuti hadi uwanjani, kwa kawaida asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Hakuna raundi wala alama: mafahali hufungana pembe, husukumana, na anayegeuka na kukimbia ndiye aliyeshindwa. Pambano linaweza kwisha kwa dakika chache au likarefuka, na ng'ombe aliyeshindwa mara nyingi hupoteza thamani yake machoni pa wenyewe na kuishia kwa mchinjaji.

Matayarisho yake huanza mapema. Dume huchaguliwa kwa ukali wake, hutengwa na majike pamoja na madume wengine, hafungwi nira, na hulishwa vizuri kuliko ng'ombe wengine wa boma. Mpaka hapo hakuna la kulaumiwa sana, isipokuwa upweke wa mnyama ambaye kwa asili huishi katika kundi. Lawama huanzia kwenye mbinu zinazotajwa mara kwa mara na wanaoufuatilia mchezo: kumnywesha busaa au chang'aa, kumpa dawa za kumpandisha hasira, kumchokoza ili asahau woga, na kuchonga pembe zake.

Jambo hili la mwisho linafaa kutazamwa kwa karibu. Kwa nje pembe ya ng'ombe ni ganda gumu lisilo na hisia, sawa na kwato, lakini ndani yake mna kiini cha mfupa hai chenye mishipa ya damu na ya fahamu, na katika ng'ombe aliyekomaa kiini hicho kina uwazi unaoungana na vijia vya hewa vya fuvu. Anayekwangua ncha kidogo tu kwa tupa au kwa kipande cha chupa anaweza asimuumize mnyama wake, lakini anayekata hadi kufikia kiini anasababisha damu, maumivu na njia ya maambukizi kuingia kichwani. Kwa vyovyote vile, pembe iliyochongwa hubadilisha pambano la kusukumana, ambalo ndilo la asili, likawa pambano la kutobolana.

Kwa Wabukusu wa Bungoma na kwa familia nyingi za Kiluhya zilizohamia Trans Nzoia baada ya uhuru kununua mashamba yaliyoachwa na walowezi, fahali ana nafasi pana zaidi ya uwanja wa mapigano. Katika msimu wa tohara, unaofika kilele chake Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, mjomba wa mtahiriwa humchinjia mpwawe ng'ombe na kumvika shingoni luliki, ukanda wa nyama unaotangaza kwamba ukoo wa mama umembariki kijana. Maksai, yaani dume aliyehasiwa, huvuta plau mashambani, na punda huvuta mikokoteni ya maji, maziwa na mahindi. Mazingira haya yanaeleza kwa nini hoja za ustawi zikija kama mahubiri kutoka mbali hupokelewa kwa shaka: zinawafikia watu ambao maisha yao yote yamefungamana na mifugo na ambao hawajioni kuwa maadui wa ng'ombe.

Usuli: dresaji na kichwa cha farasi

Dresaji ni mashindano ambamo farasi na mpandaji wake hutekeleza hatua zilizopangwa, kama vile kutembea kwa mshazari, kugeuka papo hapo na kuchezesha miguu kwa mpigo bila kusonga mbele, huku waamuzi wakitoa alama kuanzia 0 hadi 10 kwa kila hatua. Mchezo huu umekuwa katika Olimpiki tangu Stockholm 1912, na lengo lake lililoandikwa ni kuonyesha maelewano: farasi afanye kwa hiari na wepesi kile anachoombwa kwa ishara ndogo isiyoonekana na mtazamaji. Nchini Kenya farasi waliletwa kwa wingi na walowezi, nyanda za juu za Trans Nzoia zikiwemo, lakini leo mashindano ya farasi yamebaki hasa Nairobi na viunga vyake.

Mbinu iliyozua ubishi mkubwa kuliko zote inaitwa rolkuri. Ni mafunzo ambamo shingo ya farasi hukunjwa kwa nguvu ya hatamu hadi kidevu kikaribie kifua, na kushikiliwa hivyo. Mwaka 2009, katika mashindano ya Odense nchini Denmark, farasi wa mpandaji kutoka Sweden alirekodiwa akiwa katika mkunjo wa namna hiyo huku ulimi wake ukining'inia ukiwa na rangi ya samawati, na picha hizo zikazunguka dunia. Sababu ya rangi hiyo inaeleweka kirahisi na yeyote anayejua jinsi lijamu inavyokaa. Lijamu ni chuma kinachopita kinywani mwa farasi juu ya ulimi na kuegemea ufizi mtupu, katika nafasi isiyo na meno kati ya meno ya mbele na magego. Ngozi ya hapo ni nyembamba na mfupa uko karibu mno. Hatamu ikivutwa kwa nguvu na kwa muda mrefu, chuma hubana ulimi na kuzuia damu. Februari 2010 FEI iliitisha mkutano Lausanne, ikatangaza kwamba kukunja shingo kwa nguvu ya kikatili hakukubaliki, lakini ikaacha mlango wazi kwa mkunjo wa muda mfupi usiotumia nguvu. Wakosoaji waliona tofauti hiyo kuwa nyembamba mno kusimamiwa na mtu aliyesimama kando ya uwanja, na matukio yaliyofuata yaliwapa sababu ya kushikilia hoja yao. Novemba 2023 kituo cha televisheni cha TV2 cha Denmark kilionyesha picha zilizochukuliwa kwa siri katika zizi la mpandaji mashuhuri Andreas Helgstrand, na miezi minane baadaye ikafuata video ya Dujardin.

Jinsi mbinu kali zinavyofanya kazi

Ni kosa kudhani kwamba mbinu kali hutumiwa kwa sababu ya ukatili wa moyo peke yake. Hutumiwa kwa sababu huleta matokeo ya haraka. Mafunzo mengi ya farasi yamejengwa juu ya shinikizo na kuliachilia: mpandaji hubana kwa mguu, farasi husogea, mguu huachilia, na farasi hujifunza kwamba kutii huleta nafuu. Mfumo huu unaweza kuwa wa upole kabisa iwapo shinikizo ni dogo na nafuu hufika mara moja. Hugeuka kuwa mateso pale shinikizo linapoongezwa bila nafuu, au pale farasi anapopewa amri mbili zinazopingana, mguu ukisema nenda na hatamu ikisema simama. Mnyama aliyefika hapo hupigana, hukimbia au hukata tamaa. Farasi aliyekata tamaa huonekana mtulivu na mtiifu, na hapa ndipo watazamaji wengi hudanganyika, kwa kuwa farasi ni mnyama anayewindwa porini na maumbile yake humfundisha kuficha maumivu.

Kwa fahali mambo huenda kinyume, ingawa mantiki ni ileile. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na methali hiyo inaeleza ukweli wa kibayolojia: madume hupimana nguvu ili kupanga nani atangulie. Porini au malishoni, hata hivyo, upimanaji huo huwa na hatua za tahadhari, kama vile kugeuza ubavu ili kuonyesha ukubwa wa mwili, kukwangua ardhi na kunguruma, na mara nyingi dume dhaifu hujiondoa kabla ya kuumizwa. Matayarisho makali hulenga kufuta hatua hizo za tahadhari. Pombe hupunguza woga uliokusudiwa kumlinda mnyama, uchokozi humfikisha uwanjani akiwa tayari amepandwa na hasira, na kelele za umati humzuilia njia ya kuondoka. Farasi hufundishwa kuzima mwitikio wake wa asili, na fahali hufundishwa kuuwasha kupita kiasi. Wote wawili huondolewa uwezo wa kusema hapana.

Msimamo wa kwanza: mila ilindwe ilivyo

Watetezi wa mchezo wa fahali wana hoja zenye uzito. Kwanza, husema, mapigano ni tabia ya asili ya dume, na hakuna mtu anayeingia uwanjani kumchoma mikuki kama ifanyikavyo Hispania. Pili, fahali wa kupigana huishi vizuri kuliko maksai wa plau: hula vizuri, hatumikishwi na huheshimiwa. Tatu, mchezo hukusanya koo, hupatanisha majirani, huenzi wafu na huleta wageni na fedha, na ndiyo maana serikali ya kaunti ya Kakamega imekuwa ikiutangaza kama kivutio cha utalii. Nne, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inatambua utamaduni katika Ibara ya 11 kama msingi wa taifa, na Ibara ya 44 inampa kila mtu haki ya kushiriki maisha ya utamaduni wake. Watetezi wa dresaji nao hurudia hoja za namna hiyo kwa lugha yao: urithi wa karne nyingi, farasi wanaotunzwa kwa gharama kubwa, na ufundi ambao mgeni haufahamu.

Nguvu ya msimamo huu iko katika kukataa hukumu ya haraka na katika kukumbusha kwamba maisha ya mnyama hupimwa kwa miaka yake yote, si kwa dakika kumi za uwanjani. Udhaifu wake ni kwamba hauelezi kwa nini tabia ya asili ihitaji chang'aa na tupa ili ijitokeze. Aidha, huchanganya mambo mawili ambayo sheria ya kimataifa haikuyachanganya: mwaka 2014 UNESCO iliorodhesha ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na kilichoorodheshwa ni ngoma, ambayo huchezwa pia katika arusi, katika kutawazwa viongozi na katika shughuli nyingine nyingi. Kuitetea isukuti si lazima kuwe kuitetea kila desturi inayoambatana nayo. Tena, mila yenyewe imebadilika: mazishi ya mzee hayakuwa na wafadhili wa kisiasa wala mashindano ya kila wiki, na mbinu zilizozaliwa na mashindano haziwezi kujificha nyuma ya heshima ya mababu.

Msimamo wa pili: marufuku

Wanaotaka michezo hii ikomeshwe huanza na kanuni iliyo wazi: burudani haitoshi kuhalalisha maumivu, kwa sababu hitaji la chakula au la kulima linaweza kupimwa dhidi ya mateso ya mnyama, lakini shangwe haiwezi. Wanayo sheria upande wao. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inafanya kuwa kosa kumpiga mnyama kikatili, kumtesa, kumlemeza mizigo, kumkasirisha au kumtia hofu. Wanayo pia mifano ya nje. Bunge la Katalonia lilipiga kura mwaka 2010 kukomesha mapigano ya fahali ya Kihispania, na Kolombia ilitia saini mwaka 2024 sheria ya kuyaondoa kwa kipindi cha mpito kinachofikia 2027. Katika michezo ya farasi, Olimpiki ya Tokyo ilileta badiliko la aina hiyo hiyo: baada ya farasi aitwaye Saint Boy kukataa kuruka na kocha kuonekana akimpiga ngumi, mchezo wa pentathloni ya kisasa uliamua kuachana na farasi kabisa mara baada ya Paris 2024.

Nguvu ya msimamo huu ni uwazi wake: marufuku haihitaji mkaguzi wa kutofautisha mkunjo wa upole na mkunjo wa kikatili. Udhaifu wake unaonekana katika utekelezaji. Marufuku ya Katalonia ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba ya Hispania mwaka 2016, na sababu iliyotolewa ilihusu mamlaka ya nani kusimamia urithi wa utamaduni, mgongano ambao unaweza kuzuka Kenya pia. Wakenya, kwa upande wao, wana kumbukumbu yao wenyewe ya marufuku iliyoshindwa: chang'aa ilipigwa marufuku kwa miongo mingi, ikaendelea kupikwa mafichoni ikiwa na sumu zaidi, hadi sheria ya mwaka 2010 ilipoihalalisha ili isimamiwe. Fahali anayepiganishwa alfajiri mahali pa siri, bila daktari wa mifugo na bila mzee wa kusimamisha pambano, atakuwa katika hali mbaya kuliko anayepigana hadharani. Zaidi ya hayo, anayedai marufuku kwa jina la Sura ya 360 anapaswa kuwa tayari kuitumia sheria hiyo hiyo kwa punda wa mkokoteni na kwa maksai wa plau, ambao kwa wingi wao na kwa urefu wa kazi yao huenda wanabeba sehemu kubwa zaidi ya maumivu. Hoja hii haimpi fahali afueni yoyote, lakini inamtaka mkosoaji awe na kipimo kimoja.

Msimamo wa tatu: mchezo urekebishwe

Kati ya misimamo hiyo miwili wapo wanaosema kwamba mchezo ubaki lakini sheria zake zibadilike. Pwani ya Afrika Mashariki na Ghuba zinatoa mifano inayoonyesha kwamba hilo linawezekana. Huko Pemba, mchezo wa ng'ombe, ambao mara nyingi huhusishwa na Wareno waliokuwa pwani hii katika karne ya 16 na ya 17, humweka fahali aliyefungwa kamba ndefu mbele ya vijana wanaomchezea kwa nguo huku ngoma na zumari vikilia. Fahali hauawi, na sifa humwendea kijana mwepesi. Dhiki ipo pale pia, kwani kuchokozwa ni kuchokozwa, lakini majeraha ya pembe kwa pembe hayapo. Kwenye pwani ya Batina nchini Oman, katika miji kama Barka, mafahali hupambanishwa kwa kulinganishwa ukubwa, kila mmoja akiwa na kamba na wanaume wa kumvuta, na pambano hukatizwa mara mmoja anaposukumwa nyuma au kukimbia. Mifano hii inathibitisha kwamba fahari ya mwenye ng'ombe na shangwe za umati havihitaji damu.

FEI nayo imeshika njia ya marekebisho: mwaka 2022 iliunda tume huru ya maadili na ustawi wa farasi, iliyotoa ripoti yake mwaka uliofuata na kuusisitizia mchezo kwamba ridhaa ya jamii, yaani kukubali kwa umma kwamba mchezo uendelee, haipatikani kwa matangazo bali kwa mabadiliko yanayoonekana. Nguvu ya msimamo huu ni kwamba huwafanya wapandaji na wafugaji kuwa washirika katika mabadiliko. Udhaifu wake ni kwamba kanuni nyingi huandikwa bila kutekelezwa, na kwamba wanaosimamia mchezo mara nyingi ndio wanaofaidika nao. Dresaji ni ushahidi tosha: kanuni zake zilisema tangu zamani kwamba pua ya farasi itangulie kidogo mbele ya mstari wima, lakini farasi walioshinda wameonekana mara nyingi pua ikiwa nyuma ya mstari huo, na waamuzi wakawapa alama za juu.

Kupima hoja: nani hulipwa kwa lipi

Mfano huo wa mwisho unafungua kiini cha suala. Mkufunzi hasomi kitabu cha kanuni bali husoma ubao wa matokeo. Iwapo waamuzi wa dresaji wanavutiwa na miguu ya mbele iliyorushwa juu kwa mbwembwe kuliko na mdomo uliotulia, zizi litatoa farasi wa kurusha miguu, hata kama kila hotuba ya ufunguzi inasifu maelewano. Vivyo hivyo, iwapo ushindi wa fahali hupimwa kwa kumfukuza mwenzake tu, bila kuuliza alikuja katika hali gani, na iwapo aliyeshindwa hugeuka kitoweo papo hapo, mfugaji ana kila sababu ya kunoa pembe na kumimina chang'aa, na yule anayejizuia huadhibiwa kwa kushindwa. Ukatili katika hali hiyo hauhitaji mtu mwovu. Unahitaji tu tuzo isiyouliza maswali.

Kwa kipimo hicho, mchezo wowote wa wanyama unaweza kuhukumiwa kwa maswali manne bila kujali unachezwa Paris au Khayega. Je, tuzo humlipa mnyama mtulivu na mzima, au humlipa aliyelazimishwa? Je, matayarisho hukaguliwa, au ni uwanja tu unaotazamwa? Je, yupo mtu asiye na maslahi mwenye mamlaka ya kusimamisha shughuli? Na je, mnyama aliyeshindwa ana maisha baada ya kushindwa? Dresaji imeanza kujibu swali la tatu, kwa kuwa farasi anayetokwa damu kinywani huweza kuondolewa, kama ilivyotokea katika Mashindano ya Dunia ya Kentucky mwaka 2010, lakini bado inasuasua katika la kwanza na la pili, kwa sababu mizizi ya mafunzo hubaki katika mazizi ya faragha hadi kamera ya siri ipite. Mchezo wa fahali una faida moja ambayo dresaji haina, nayo ni kwamba jibu la swali la kwanza liko karibu: pambano la asili la kusukumana linatosha kumpata mshindi bila pembe kali. Una upungufu mkubwa, hata hivyo, katika maswali matatu yaliyobaki.

Nchini Kenya nyenzo za kurekebisha zipo tayari, na hili ni jambo lisilosemwa vya kutosha. Jedwali la Nne la Katiba linakabidhi serikali za kaunti mambo mawili yanayokutana hapa: shughuli za utamaduni na burudani za umma, na udhibiti na ustawi wa wanyama. Bunge la kaunti, liwe la Kakamega, la Bungoma au la Trans Nzoia, linaweza kutunga sheria inayotaka mratibu wa mapigano kupata leseni, daktari wa mifugo kuwapima mafahali asubuhi ya pambano, pembe zilizochongwa kumwondoa mnyama mashindanoni, mafahali kulinganishwa kwa ukubwa, na wazee wa mchezo kuwa na mamlaka ya kutenganisha. Shirika la kulinda na kutunza wanyama la KSPCA, ambalo limekuwepo Kenya tangu 1910, lina ujuzi wa ukaguzi wa namna hiyo, ingawa nguvu zake zimejikita Nairobi. Gharama hazikosekani: leseni huongeza urasimu, madaktari wa mifugo wa serikali ni wachache na wana chanjo za kushughulikia, na mfadhili wa kisiasa anaweza kumshinikiza mkaguzi. Hata hivyo gharama ya kuacha mambo yalivyo hubebwa na mnyama, na wakati mwingine, kama Januari 2024 ilivyoonyesha, hubebwa na mtu masikini anayemtunza. Mtunzaji anayelala jirani na dume aliyelelewa kwa ukali ndiye wa kwanza kuhatarishwa, na kwa hiyo ustawi wa fahali na usalama wa mfanyakazi ni suala moja.

Hitimisho

Kwa muhtasari, msimamo wa kulinda mila kama ilivyo una haki ya kudai heshima na kipimo kimoja kwa wote, lakini unashindwa kueleza mbinu ambazo mila yenyewe haikuzihitaji. Msimamo wa marufuku una kanuni safi ya kimaadili na msaada wa Sura ya 360, lakini unabeba hatari ya kuusukuma mchezo mafichoni na kuzua mgogoro wa kikatiba. Msimamo wa marekebisho ndio unaoelekea kupunguza maumivu mengi kwa haraka zaidi, mradi usiishie kwenye kanuni za karatasini bali uguse kile kinacholipwa: alama za mwamuzi katika dresaji, na masharti ya ushindi katika uwanja wa fahali. Mchezo ambao, baada ya kupewa nafasi hiyo kwa dhati, hauwezi kusimama bila damu kinywani au pombe tumboni mwa mnyama, utakuwa umejitolea wenyewe ushahidi wa kustahili kukomeshwa. Kwa kaunti za Magharibi mwa Kenya, hatua ya kwanza inayowezekana ni ndogo na ya wazi, nayo ni kuanza kumkagua fahali kabla hajaingia uwanjani na kumnyima ushindi mwenye ng'ombe aliyemwandaa kwa mateso. Maksai wa plau na punda wa mkokoteni wanastahili kufuata mara moja katika orodha hiyo hiyo.